Kiti cha Mama wa Pazia

Kwa miaka mingi, mwanamke yeyote aliyepanda ndege Tanga alipita kwanza mikononi mwa mtu mmoja. Awe mke wa bwana mkubwa wa Raskazone, awe mama lishe wa Mabawa anayewahi msiba Unguja, alivua viatu, akaweka mkoba mezani, akaingia nyuma ya pazia la maua kwenye kona ya jengo letu la zamani, na humo ndani akamkuta yeye. Wengine walitoka wanacheka, wengine wamenuna. Sisi tuliokuwa tukipata riziki pale uwanjani tulimwita Mama wa Pazia, na mji ukalichukua jina hilo mpaka kadi za harusi zikawa zinamwandika hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa na mgahawa kando ya maegesho: chai ya tangawizi, sambusa, kachori, maandazi, na kabati la vioo la kuzuia nzi. Kutoka kwenye kiti changu nilimwona kila aliyeingia na kila aliyetoka. Ndege ikisharuka, Mama wa Pazia alikuja kukaa kwangu mpaka nyingine itue, na kwa kuwa ndege zetu hazikuwa za kufuatana, tulikaa sana. Haya ninayoyasema sikuambiwa na mtu. Nimekunywa naye chai, nimegombana naye, nimepatana naye, na zaidi ya mara moja nimepekuliwa naye bila ya kuwa na safari, kwa sababu alitaka kunionyesha jinsi mtu anavyopekuliwa.

Alikuwa mnene wa kukaa na mwepesi wa kutembea. Sare yake aliipiga pasi mpaka mikunjo ya suruali ingeweza kukata mkate, na juu yake alivaa mtandio aliouchagua mwenyewe, wala hakuna bosi aliyethubutu kumwuliza. Alinukia udi. Ukimsikia anaongea nyuma ya pazia ungedhani yuko jikoni kwake na wageni: "Karibu mwanangu, inua mikono, hivyo hivyo, wenda wapi? Kwa mume? Haya, geuka." Mtu alikuwa anageuka kabla hajajua kama amekubali.

Na siri alizozijua! Nyie, mwanamke yule alijua ya kila nyumba. Nani anavaa shanga na nani ameziacha, nani amefunga hirizi kiunoni, nani amekonda ghafla, nani ana mimba ambayo hata mumewe hajaambiwa. Nilimchimba mara nyingi, sijifichi, mimi ni mtu wa kupenda habari. Nilimpa kachori ya moto, nikamwuliza taratibu kuhusu fulani. Alikula kachori, akajifuta vidole, akasema neno lake la siku zote: "Nimeshagusa, nimeshasahau." Sikuambulia hata moja, na kachori zangu zilikwisha.

Jambo moja tu alilisimulia, kwa kuwa kila mtu alilisikia. Alipita bibi harusi anayepelekwa Pemba, amevaa dhahabu kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mama wa Pazia alikuwa na kile kirungu cha mkononi kinacholia kikikaribia chuma. Kililia shingoni, kikalia mikononi, kikalia kiunoni, kikalia miguuni, hakikunyamaza. Badala ya kuudhika, yeye akaanza kupiga vigelegele kukifuatisha. Shangazi za bibi harusi waliokuwa foleni wakaitikia. Wanaume upande wa pili wakadhani harusi imehamia uwanjani, rubani akachungulia mlangoni, na ndege ikachelewa kuondoka. Alionywa kwa ajili ya siku ile. Alisema ataonywa tena bibi harusi mwingine akija.

Sasa nieleze kitu ambacho mji mzima ulikikosea, na mimi pia. Tulidhani anapenda kupekua. Kumbe mwenyewe alikuwa hapendi hata kuguswa. Ukimpitishia mkono ubavuni aliruka kama amemwagiwa maji. Fundi wake wa nguo alimpima kwa kumwangalia kwa mbali, na ndiyo maana magauni yake yote yalimpwaya. Na wale wanawake aliowashika mbavu mwaka baada ya mwaka, aliwashika kwa aibu. Siku moja mvua inanyesha, ndege imezuiwa Dar, aliniambia hivi: "Shoga, mtu ana jasho lake, ana huzuni yake, pengine kafiwa, mie namwambia panua miguu. Hiyo adabu kweli? Siku wakileta ile mashine ya kuona bila kugusa, mie nitafunga mwezi mzima kushukuru." Nilicheka. Nilidhani anatania.

Hakuwa anatania. Mama wa Pazia alipenda mashine kama watu wengine wanavyopenda watoto. Mtaani kwake Mabawa yeye ndiye wa kwanza kununua sufuria ya umeme ya wali, na alikaa mbele yake akiitazama mpaka ilipojizima, ndipo akapiga makofi. Kila kitu alichonunua alisoma maelekezo yake kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, hata yale ya kuonya watoto wasimeze betri. Simu yake alijua kila kitufe chake. Vijana wa bajaji walipokwama na simu zao walimletea yeye, na aliwatengenezea huku akiwasema kwa kutosoma.

Mtu mmoja tu alimtisha duniani, naye ni mkwewe. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani, mama wa mume akabaki nyumbani kwake. Bibi yule alikuwa mfupi, mkavu, wa maneno machache, na kila neno lake lilikaa pale lilipoangukia. Mbele yake Mama wa Pazia, aliyewaamuru wake za mabwana wageuke, aliongea kwa sauti ya mtoto wa madrasa. Hakumtazama usoni. Akimpa chai aliitenga, akarudi nyuma. Mkwe naye hakuwahi kuipenda kazi ile, alisema mwanamke wa heshima haingizi mikono kwenye nguo za watu. Sufuria ya umeme aliikubali, ila alisema wali wake hauna akili.

Ndipo likaanza kujengwa jengo jipya la abiria.

Sijui kama naweza kueleza raha ile. Kwanza walizungusha mabati, kisha nguzo zikapanda juu ya mabati, kisha winchi ikasimama ndefu mpaka watu wa mitaa ya mbali wakawa wanaiulizia. Jioni watu walikuja na watoto wao kutazama tu. Wauza barafu wakaja, wauza karanga wakaja, mimi kachori zangu zilikwisha kabla ya alasiri. Paa lilipowekwa, jeupe, limejikunja pembeni, wanawake walisema ni kawa kubwa iliyofunika sinia, na wanaume walibishana wasipate neno bora zaidi. Mzee mmoja wa Kibondei aliyeshuka kutoka Muheza kuuza machungwa alisimama akalitazama, akasema, "Hili Dar wanalo?" Tukamwambia wanalo. Akasema, "Lakini hawana hili." Tulimshangilia.

Mashine zilikuja kwenye lori, ndani ya makasha ya mbao. Mama wa Pazia alitoka nyuma ya pazia lake akaenda kusimama karibu mpaka mlinzi akamsogeza. Kulikuwa na mashine kubwa ya eksirei ya kupitisha mizigo, tena si kama ile yetu ya zamani iliyoonyesha kivuli cha kila kitu kama moshi. Hii inageuza picha pande zote na kuipaka rangi: chakula na nguo na karatasi kwa rangi ya chungwa, chuma kwa buluu, vilivyochanganyika kijani. Na kulikuwa na kibanda cha kukagulia watu: unaingia, unainua mikono kama anayejisalimisha, unahesabu pumzi mbili tatu, unatoka.

Kibanda kile kilizua maneno mjini. Wanawake walisema kinaonyesha mtu alivyo, pamoja na shanga zake. Kuna waliosema hawatapanda ndege tena, na wengine kati yao hawakuwahi kupanda. Mama wa Pazia alizunguka harusi na maulidi akieleza. Alisimama katikati ya ukumbi, sahani ya biriani mkononi: "Nisikizeni. Kinachora kidoli. Kidoli kimoja hicho hicho kwa kila mtu. Wewe, mie, mke wa mkubwa, wote kidoli kimoja, hakina matiti hakina makalio. Kikiona kitu kinaweka kijisanduku pale kilipo, basi. Mie mikono yangu ndiyo iliyokuwa inaonyesha mtu alivyo, na hamkuniogopa!" Watu walicheka, na wengi walikubali.

Lakini kila mmoja wetu alimhurumia. Tulidhani pazia linakwisha na yeye anakwisha nalo. Wakaguzi wote waliambiwa watafundishwa, watapimwa, na atakayefaulu atakaa kwenye kiti cha mbele ya skrini, na asiyefaulu atapangiwa kazi nyingine. Kila mtu aliijua kazi nyingine ni ipi: ufagio, au nyumbani. Nilipomwendea na uso wa rambirambi, alinitazama kwa mshangao.

"Shoga, wanililia nini? Mie nakitaka kile kiti. Sijataka kitu hivi tangu niolewe."

Mtihani wa kwanza alifeli.

Alikuja kwangu bado amevaa beji ya mafunzo, akakaa, hakuagiza chai. Mkufunzi, kijana mpole aliyetoka Dar, alikuwa amemwambia kwa heshima zote: mama, unaona kila kitu, tena unaona kuliko wenzako, ila unachelewa. Picha inapita, watu wako foleni, wewe bado unaitazama. Nikamwuliza alikuwa anatazama nini.

"Kiatu," alisema. "Mfuko una nguo za mtoto, na kiatu cha mtoto kimoja. Kimoja, shoga! Nikajiuliza cha pili kiko wapi. Mtoto kakivaa? Kapotea njiani? Mguu una nini? Picha ikaondoka, ikaja nyingine ina kisu kikubwa hivi, mie bado niko kwenye kiatu."

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yake. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona. Miaka yote alikuwa amefundishwa na kazi yake kumtazama mtu, kumjua, kumwuliza anakwenda wapi na kwa nani. Mashine haikutaka hayo. Ilimtaka aone umbo na rangi, aamue, aachie. Alikuwa amepewa nafasi moja tu ya kurudia: siku ya majaribio ya jengo, atakapokaa kwenye skrini na watu wenyewe wakipita. Akishindwa hapo, basi.

Ndipo kabati langu la vioo lilipopata kazi. Sikumbuki nani alianza, nadhani kijana wa bajaji. Mama wa Pazia alisimama ametupa mgongo. Sisi tunapanga sahani kabatini, sambusa huku, kachori kule, na katikati tunaficha kitu: kijiko, wembe ndani ya karatasi, funguo, betri. Tunamwambia geuka. Anageuka, anatazama, tunaziba kabati kwa kanga. Aseme.

Mwanzoni alitutia wazimu. "Nani kakunja sambusa hii? Pembe yake imelegea, huyu ana mawazo." Sisi tunapiga kelele, "Kitu! Kitu! Achana na sambusa!" Wapakia mizigo walishika zamu ya kupanga, na wakawa wabaya kuliko sisi, siku moja walichoma msumari ndani ya andazi. Dereva mmoja wa teksi alimpigia kelele kama abiria: "Mama, nachelewa ndege!" Alimjibu bila kugeuka, "Ungetoka mapema." Kidogo kidogo akaanza kuwahi. Anageuka, anatazama, "Wembe, kulia, chini ya kachori," anageuka tena. Siku alipotaja vitu vyote bila kukosa na bila kusema neno juu ya mpishi, tulipiga makofi mpaka abiria waliokuwa wanashuka wakadhani wanapokelewa wao. Kachori za siku ile ziliharibika kwa kushikwashikwa, na sikujali hata kidogo.

Siku ya majaribio ikafika. Mji ulikuwa umetangaziwa kwa kipaza sauti mitaani: wanatakiwa watu wa kujifanya abiria, waje na mizigo kama wanaosafiri kweli, wapite milango yote, wakaguliwe, wakae ukumbini, warudi nyumbani. Hakuna ndege. Hilo lilisemwa wazi.

Aliyepanga jambo lile hakuwajua watu wetu. Huku mtu hasafiri peke yake mpaka mlangoni. Husindikizwa. Na mfuko hauendi mtupu, hata kama hauendi popote. Alfajiri nilipofika, barabara ilikuwa imejaa. Kila abiria wa kujifanya alikuwa na wasindikizaji wake: shangazi, majirani, watoto wa kaka, mwingine na shehe wa kumwombea dua. Kulikuwa na sufuria za pilau. Kulikuwa na mama analia kweli kweli, anamwambia binti yake apige simu akifika.

Mkufunzi alisimama mlangoni, shati limemlowa.

"Jamani, nani anasafiri hapa na nani anasindikiza?"

"Sisi sote twamsindikiza huyu," wakamwambia.

"Anakwenda wapi?"

"Haendi popote."

"Sasa mnamsindikiza nini?"

"Alaa! Aende peke yake?"

Niliingia kwenye foleni, maana na mimi nilijiandikisha, ningekosaje? Sakafu ilikuwa inang'aa mpaka watu walivua viatu mlangoni kama msikitini, ikabidi waambiwe wavae. Milango inafunguka yenyewe. Watoto waliingia na kutoka mpaka mlinzi akachoka. Baridi ya kiyoyozi, sauti ya mwanamke asiyeonekana inayotangaza, vioo kutoka juu mpaka chini na nje ile njia ndefu ya kurukia. Moyo ulikuwa unanidunda kama ninakwenda Makka. Na mbele, kwenye kiti kirefu cha kuzunguka, mbele ya skrini mbili, amekaa yeye. Mkufunzi akaja akasimama nyuma yake, mikono mgongoni.

Nikamwangalia aliyekuwa mbele yangu. Alikuwa mkwewe Mama wa Pazia.

Hakumwambia mtu kama anakuja. Alikuwa amevaa buibui jipya, kiatu cha sikukuu, na mfuko wa ukili uliojaa mpaka mdomoni. Wajukuu watatu wanamsindikiza. Akauweka mfuko kwenye mkanda mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaingia kwenye kibanda akainua mikono, uso umenyooka. Mfuko ukaingia kwenye mashine.

Mkanda ukasimama.

Kutoka pale nilipokuwa niliiona skrini. Katikati ya rangi ya chungwa ya mikate na halua kulikuwa na ubapa wa buluu, mpana, una meno. Ilikuwa mbuzi ya nazi. Bibi alikuwa ameifunga kumpelekea mjukuu wake Dar, safari ambayo haikuwepo, kwa sababu huko wanakuna nazi kwa mashine na mchuzi hauna ladha. Mama wa Pazia aliujua mfuko ule, alikuwa ameusuka yeye. Niliona shingo yake ikikauka. Sekunde moja. Nikasema moyoni, sasa atauachia, au atautazama mpaka kesho.

"Mfuko huu upekuliwe," akasema.

Binti mkaguzi akauvuta mfuko pembeni, akaanza kutoa mikate moja moja mbele ya watu. Bibi akageuka polepole akamtazama mkwewe.

"Wee," alisema. "Mie wanipekua? Mie, mbele za watu? Mwanangu angekuwa hai ungethubutu?"

Wasindikizaji nje ya kioo wakabanana kutazama. Wajukuu wakaanza kulia. Mkufunzi mwenyewe alimgeukia bibi, walinzi wote walimgeukia bibi, mimi pia nilimgeukia. Mtu mmoja tu hakumgeukia. Mama wa Pazia alikuwa analia, machozi yanashuka mpaka kwenye mtandio, na macho yake yako kwenye skrini. Mkanda ulikuwa umeanza kwenda tena. Begi langu likapita. Likafuata begi la kijana mmoja mtaratibu ambaye hakuna aliyemjali.

"Na hili," akasema. Sauti ilimkatika. "Ndani ya mkate wa boflo. Kuna bastola."

Kijana mtaratibu akatabasamu. Alikuwa mtu wa mkufunzi na wenzake, na bastola ilikuwa ya bandia, imepachikwa ndani ya boflo lililochimbwa, na walikuwa wamepanga aipitishe wakati wowote ule atakapoona watu wamezubaa. Mkufunzi alimtazama Mama wa Pazia, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda zake ofisini.

Na kwa majuma matokeo hayakutangazwa. Nyumbani Mabawa mkwe aliacha kula pamoja naye, chakula alipelekewa na mjukuu chumbani. Jengo la zamani likafungwa, mgahawa wangu ukabomolewa kupisha maegesho mapya, nikawa napikia nyumbani. Mama wa Pazia akawa haonekani. Nikimpigia simu alisema, "Sina habari, shoga," akakata. Nilikutana na mkwewe sokoni anachagua samaki, nikamwamkia, nikamwuliza kwa woga kama majibu yametoka. "Muulize mwenyewe," alisema. "Mie sipekuliwi mara mbili." Sikuweza kujua kama amekasirika au anacheka.

Kisha binti yangu wa Dar akapata uchungu kabla ya siku zake. Mkwe wangu wa kiume, Mungu amzidishie, akanikatia tiketi ya ndege. Mimi! Miaka yote ile nimeuza chai uwanjani, nimeziona zikiruka na kutua, sijawahi kukanyaga ngazi yake. Usiku sikulala, nikapanga mfuko, nikaupangua, nikaupanga tena. Asubuhi nilisindikizwa na watu wa kujaza bajaji tano.

Nilipofika kwenye ukaguzi, kwenye kiti kile alikaa kijana wa kiume. Mgeni, nywele zimekatwa vizuri, anatafuna kitu. Sikuamini. Nilitazama kwenye kibanda, kwenye mlango, kwenye korido ya wafagiaji. Hayupo. Mtu aliyetaka kiti kile hivi, aliyelia machozi bila kuondoa macho kazini, hayupo. Ile furaha yote ya safari ikanitoka. Nikauweka mfuko wangu kwenye mkanda kama mtu anayeweka mzigo wa mwenzake, nikaingia kibandani, nikainua mikono. Nilisikia kijana anainuka, anajinyoosha. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hawaachwi kukaa muda mrefu, macho huchoka, wanapokezana.

Nilipotoka upande wa pili, kiti kilikuwa kinazungushwa kushushwa kimo chake, na aliyekishusha alikuwa anavuta suruali yenye mikunjo ya pasi akae vizuri. Udi ulinifikia kabla sijaamini macho. Nilifungua mdomo kumwita. Hakuniona. Alikuwa ameshaingia kwenye skrini, mgongo umenyooka, kidole kiko juu ya kitufe. Mfuko wangu ulikuwa wa kwanza kwenye zamu yake.

Mkanda ukasimama.

Nilikuwa nimetia vyuma vya mishkaki. Wallahi sijui kwa nini, nilifikiri binti atataka mishkaki akishajifungua, nikavifunga ndani ya kanga nikavisahau. Watu nyuma yangu wakaguna. Binti mkaguzi akaushika mfuko. Mama wa Pazia hakugeuka, aliuliza kwa sauti ya kazi, ambayo sikuwahi kuisikia mezani kwangu:

"Mfuko huu ni wa nani?"

"Wangu!" nikasema, kwa sauti iliyojaza ukumbi mzima, na nilikuwa nacheka, na wasindikizaji wangu nje ya kioo, bila kujua ni nini, wakaanza kupiga vigelegele. "Ni wangu mimi, mama! Upekue!"